Nani Anaanzisha Wimbo?

Viwanja vingi vya mtaani hapa Mwanza havina uzio. Kuna chokaa iliyomwagwa asubuhi, pengine na kamba iliyofungwa kwenye miti, na nyuma ya kamba wamesimama watu mia tano, safu ya mbele imekalia mawe. Mshika kibendera anakimbia kati ya chokaa na magoti ya watu. Hiyo ndiyo kazi yangu mwisho wa wiki. Jumatatu hadi Ijumaa nafundisha shule ya msingi. Jumamosi na Jumapili nashika kibendera kwenye ndondo, yaani mashindano ya mpira ya mtaani, za Igoma, Buhongwa, Nyakato, Kisesa, popote ninapoitwa.

Nataka kuandika juu ya matusi ya mashabiki, kwa sababu naona tunayazungumza kama kitu kisicho na mwenyewe. Tunasema "mashabiki walitukana," "uwanja ulichafuka," kana kwamba maneno yale yalijitokea yenyewe ardhini watu walipokasirika. Nimesimama karibu nayo kwa muda mrefu, migongo ya watu wale naijua, na ninachokiona ni kingine. Tusi la kuimbwa kwa pamoja lina mtu aliyelianzisha, lina ngoma iliyolibeba, na kuna watu walioamua kulipokea. Ukimpata yule wa kwanza umepata sehemu kubwa ya dawa.

Niseme kwanza kwa nini ndondo ni tofauti na uwanja mkubwa wa CCM Kirumba. Pale Kirumba, Pamba Jiji wakicheza na timu ya Dar, tusi linatoka mzunguko likiwa limechanganyika na vuvuzela, honi na tarumbeta. Linamfikia refa kama kelele. Kwenye ndondo linafika likiwa na jina lako. Watu wanaokutukana wanajua unafundisha shule gani, unapanga nyumba ya nani, mkeo anauza nini. Na pembeni mwao wamesimama watoto wa darasa la nne ambao Jumatatu asubuhi utawaandikia tarehe ubaoni. Nimeshawahi kusikia wimbo wa Jumapili ukiimbwa Jumatatu kwenye foleni ya uji, neno kwa neno, na mtoto wa kike anaupigia makofi. Hajui maana ya nusu ya maneno yale. Anajua kwamba wakubwa wakiimba hivyo wanafurahi.

Maneno yenyewe sitayaandika. Mengi ni matusi ya nguoni ya kawaida, mama wa mtu na viungo vya mama wa mtu, na refa aliyekula bahasha. Refa kuambiwa kala hela hakuniumizi sana. Ni tuhuma, na tuhuma ina majibu. Yapo maneno mengine yanayoniumiza kwa sababu ya mahali tulipo.

Kumwita mama wa mchezaji mchawi, kwa mfano. Mtu wa mbali anaweza kuliona tusi jepesi, la kuchekesha. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua vikongwe wa Usukumani wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni kwa miaka yote ya kuwapikia watoto wao. Jukwaa zima linapomwimbia kijana kwamba mama yake ni mchawi, na mama huyo anaishi hatua chache kutoka uwanjani, wimbo ule hauishii kwenye filimbi ya mwisho. Unamfuata nyumbani. Kuna jirani mwenye ng'ombe aliyekufa, kuna mtu mwenye mtoto mgonjwa, na wote wawili walikuwa uwanjani.

Halafu kuna watu wenye ualbino. Kuanzia mwaka 2007 na miaka iliyofuata, mikoa hii yetu ilitajwa duniani kote kwa mauaji yao, na nilidhani kizazi hiki kimejifunza. Mwaka 2024 mtoto mwenye ualbino asiyefikisha hata miaka mitatu alichukuliwa na kuuawa Muleba, mkoani Kagera. Kwa hiyo jambo hili lina umri wa jana.

Katika mechi moja ya ndondo, timu ya wageni ilikuwa na kijana mwenye ualbino aliyekuwa anagawa maji. Kofia pana, shati la mikono mirefu, ndoo yenye vikombe viwili. Wenyeji walipofungwa bao la pili, upande wangu wa uwanja ulianza wimbo uliotaja bei. Hamhitaji nieleze bei ya nini. Ulianza na sauti moja, ngoma ikaudaka, kisha ukapokewa na watu kama sitini hivi. Yule kijana alikuwa anavuka kona akielekea kwa mabeki wake. Alisimama, akaweka ndoo chini, akaishika kofia yake kwa mikono miwili.

Nilipandisha kibendera na kukipepea mpaka refa akasimamisha mpira. Refa yule ni mtu mzima, mtulivu. Hakwenda kwa mashabiki. Alimwita nahodha wa wenyeji, akamwambia maneno machache: "Nenda kamwambie mpiga ngoma wako. Ngoma ile ikilia tena na wimbo ule, mechi imekwisha." Nahodha akakimbia hadi kwenye kamba, akamshika bega yule mpiga ngoma, akamwambia kitu sikioni. Ngoma ikanyamaza. Na wimbo ukafa palepale. Watu wale sitini hawakuendelea hata beti moja. Dakika haikuisha.

Baada ya mechi nilimfuata mpiga ngoma. Alikuwa anafunga kamba za ngoma yake, kijana wa umri wa mdogo wangu, mstaarabu kabisa.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi sikuimba, mimi nilipiga tu."

"Marahaba. Ngoma yako iliponyamaza, wao waliendelea?"

Akafikiri. "Hapana."

"Basi kaka, wimbo ulikuwa wa nani?"

Hakunijibu, na sikumlazimisha. Lakini tangu siku ile naangalia majukwaa kwa jicho jingine. Kabla ya mpira kuanza natafuta ngoma iko wapi, nani anaishika, nani amesimama karibu yake anamtajia wimbo unaofuata. Kila timu ya mtaani ina mtu huyu. Wengi wao wanaheshimiwa kuliko kocha. Ndiye anayekusanya buku buku za nauli ya kukodi Hiace, ndiye anayejua nani ana tarumbeta, na ndiye anayeamua watu waimbe nini timu ikiwa nyuma. Tunampa madaraka hayo yote bila hata kujua jina lake kamili.

Najua jibu ambalo wengine wanalo tayari, kwa sababu huwa naambiwa usoni: mpira ni kelele, mkitaka ukimya nendeni kanisani. Nakubaliana na nusu ya kwanza. Kelele ina kazi yake uwanjani, na wapo waliowahi kuipima. Mwaka 2002 Alan Nevill na wenzake huko Uingereza walichapisha utafiti: waliwaonyesha waamuzi 40 matukio ya mechi moja kwenye video, wengine wakisikia sauti ya mashabiki, wengine picha peke yake. Waliosikia kelele waliwapa wenyeji makosa machache zaidi, pungufu kwa asilimia 15.5. Yaani shabiki anayedhani sauti yake inaisaidia timu yake hajidanganyi. Refa ni binadamu, kelele za watu wengi zinamfanya asite kabla ya kupuliza. Nami nikiwa na kibendera mkononi naujua mshtuko ule mdogo wa moyo, pale uwanja mzima unapopiga kelele "offside!" kabla hujainua mkono.

Sasa soma tena. Kilichowasukuma wale waamuzi ni kelele. Utafiti ule haukupima matusi, lakini mimi nayapima kila wiki, na naweza kusema kwa upande wangu: tusi linafanya kinyume. Kelele inanifanya nisite. Mtu akimtukana mama yangu nafunga masikio, naangalia mstari, na simpi tena hata lile la kusita. Waamuzi wenzangu wananiambia vivyo hivyo, na wapo wasioweza kujizuia, ambao mtu akiwatukana wanamlipia kisasi mchezaji wake. Hilo ni kosa, na nalisema wazi kwa wenzangu. Lakini wewe shabiki ujue kwamba timu yako ndiyo inayolipa.

Na sisi wa huku tulikuwa na njia ya kupigana kwa nyimbo kabla hata mpira haujafika. Mtu yeyote aliyekulia Usukumani anawajua Bagika na Bagalu. Ni vyama viwili vya ngoma vilivyotoka kwa watu wawili, Ngika na Gumha, katika karne ya 19, na mpaka leo wanashindana, hasa mwezi wa Juni kwenye sherehe za ngoma za Bulabo pale Bujora, Kisesa. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja. Watazamaji wana miguu: wanahama kutoka upande huu kwenda ule kutegemea nani anawavutia, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Ningi, yaani mtunzi anayeongoza wimbo, anajisifu, anamtaja mpinzani wake kwa jina, anamchambua kuanzia mavazi hadi ukoo. Siwezi kusema ni nyimbo za Jumapili kanisani. Nyingine ni kali, na wazee wanasema zamani zilikuwa kali zaidi. Lakini ningi anajua kwamba akikosa ufundi, akabaki na uchafu mtupu, watu watavuka uwanja kwenda kwa mwenzake. Wimbo unapaswa kuwa mzuri kuliko wa upande wa pili. Jukwaa la mpira limeondoa sharti hilo. Shabiki wa Igoma hata aimbe upuuzi gani, hatahamia Buhongwa, kwa hiyo hakuna anayejitesa kutunga.

Wapo wazee wanaojua bado. Tarehe 10 Agosti 1974 Yanga iliifunga Simba 2-1 hapa kwenye uwanja wa Nyamagana, na kuna wazee wa Yanga mjini humu ambao wakitaka kumtibua mzee mwenzao wa Simba wanataja mwaka tu, basi, kahawa inamwagika. Upande wa pili nao wana lao: wanawakumbusha Yanga nusu fainali ya Kombe la FA ya 2017, walipofungwa 1-0 na Mbao FC pale Kirumba, timu iliyokuwa msimu wake wa kwanza Ligi Kuu. Hakuna mama aliyetajwa. Na ninakuhakikishia yule mzee anaumia kuliko angetukanwa, maana tusi angelijibu kwa tusi, lakini 2017 ataijibu kwa kitu gani?

Wanaosimamia Ligi Kuu wana kanuni zao. Timu ambayo mashabiki wake wamemtukana refa inapelekwa Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi, ile ambayo wengi wameizoea kwa jina la Kamati ya Saa 72, na klabu inatozwa faini. Sipingi. Ila faini inatoka kwenye akaunti ya klabu, na aliyeimba anaisoma kwenye simu yake akiwa kijiweni, anacheka, anaiona kama sifa. Ndondo haina hata hiyo. Huku hakuna kamisaa, hakuna ripoti, mwandaaji ni diwani au mfanyabiashara anayetoa ng'ombe na seti ya jezi, na anachotaka ni watu wajae. Kadi ya refa nayo inaishia kwenye chokaa. Sheria ya 12 inamtoa kwa nyekundu mchezaji anayetumia lugha ya matusi. Kwa shabiki kilichobaki ni Sheria ya 5, inayomruhusu refa kusimamisha mchezo au kuuvunja kabisa akiingiliwa kutoka nje. Kuvunja mechi ya ndondo yenye ng'ombe ndani yake, na wewe unaondoka kwa bodaboda, ni uamuzi unaotaka moyo.

Kuna wanaosema polisi wawakamate. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 89, inalifanya kosa kumtukana mtu kwa namna inayoweza kuvunja amani, kwa hiyo sheria ipo. Waingereza walikwenda mbali zaidi, wakatunga sheria ya mpira peke yake mwaka 1991 inayokataza nyimbo za matusi ya nguoni na za ubaguzi wa rangi uwanjani. Uskoti nao walikuwa na yao, ya 2012, ikafutwa 2018 baada ya malalamiko ya miaka mingi kwamba polisi walikuwa wanaachiwa kuamua wimbo upi ni kosa na upi si kosa. Mimi sitaki askari mwenye kirungu aamue jambo hilo Buhongwa. Namtaka nahodha, anayemjua mpiga ngoma kwa jina, amshike bega.

Wanaoonja kali zaidi ni wanawake. Mchezaji wa kiume anatukanwa akikosea; msichana anatukanwa akiingia uwanjani kupasha misuli. Mwanza ina Alliance Girls kwenye Ligi Kuu ya Wanawake, Bunda kuna Bunda Queens, na wasichana wa shule zetu wanaziona jezi hizo na kutamani. Nimemfundisha mmoja mwenye mguu wa kushoto ambao sijauona kwa mvulana yeyote wa shule yetu. Baba yake alimleta kwenye bonanza moja, akasikia mambo yaliyokuwa yanaimbwa juu ya kifua cha binti yake wa miaka kumi na minne, akamshika mkono wakaondoka kabla ya mapumziko. Hakugombana na mtu. Nilikwenda nyumbani kwao mara kadhaa kumbembeleza na bado anakataa, na nikiwa mzazi mwenzake sina hoja ya kumshinda nayo. Waamuzi wa kike hali kadhalika. Mkoa wa jirani, Kagera, umemtoa Jonesia Rukyaa, aliyepewa filimbi ya mechi ya Simba na Yanga mwaka 2016. Najiuliza wangapi kama yeye wameacha kwenye kozi ya kwanza, katika kiwanja kisicho na uzio, bila mtu yeyote kujua walikuwa na uwezo gani.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo na hakina gharama. Waandaaji wa ndondo wanapogawa fomu za usajili, kuna nafasi ya jina la kocha, la meneja na la nahodha. Iongezwe nafasi moja: kiongozi wa ushangiliaji, jina na namba ya simu. Mtu huyo aitwe kwenye kikao cha kabla ya mechi, pale tunapokagua jezi na kuelewana kuhusu muda, apewe mkono na refa, aambiwe mbele ya mwenzake wa upande wa pili nini hakitaimbwa: mama wa mtu, uchawi, ualbino, mwili wa msichana. Maneno manne, yanakaa kichwani. Kabila sijaliweka kwa sababu utani wa Mhaya na majivuno yake, au wa Mkurya na hasira zake, watu wetu wanaujua mpaka wake, na mpaka huo nawaachia wenyewe. Wimbo uliokatazwa ukianza, refa anasimamisha, nahodha anakwenda kwenye ngoma. Ukianza tena, ngoma inatoka uwanjani na mwenye nayo. Mara ya tatu timu inapoteza mechi. Nimezungumza na waandaaji wawili na mmoja amekubali kujaribu kwenye mashindano yake baada ya mavuno ya mpunga. Mwingine amesema mashabiki watasusa. Nimemjibu kwamba waliosusa tayari hawahesabiwi: kina mama, wazee, na yule baba niliyemtaja.

Na mwandaaji akiwa na uwezo, badala ya kuongeza mbuzi wa mfungaji bora, amtolee mbuzi huyo jukwaa lililotunga wimbo mzuri zaidi. Waamuzi wa nyimbo wawe kina mama wauza karanga na maji, ambao wanazunguka pande zote mbili na hawana timu. Hiyo ndiyo kanuni ya Bujora, tumeihamishia kwenye mpira.

Linabaki jambo moja ambalo ngoma hailitatui. Ni yule mtu anayetukana peke yake, hana kundi, amesimama kwenye kona ileile kila wiki, mara nyingi amelewa au mkeka wake wa kubeti umechanika asubuhi. Waingereza nao alikuwa akiwaponyoka: sheria yao ya 1991 ilihesabu wimbo wa watu wawili au zaidi pamoja, mtu mmoja akaweza kutukana mechi nzima bila kosa, mpaka walipoirekebisha mwaka 1999. Kwa huyu sina nahodha wa kumtuma. Nimewaomba waandaaji waweke mgambo wawili, mmoja kila upande, wenye kazi ya kumtoa mtu wa aina hiyo nje kwa upole na kumrudishia kiingilio chake. Yule aliyekubali habari ya ngoma anasema pesa ya mgambo mmoja anayo. Wa pili tunamchangia sisi waamuzi.